Glasi Moja kwa Miaka Kumi na Tisa

Benchi letu zamani lilikuwa mlango. Mtu alihama akauacha, sisi tukaulaza juu ya matofali, na kitasa chake bado kipo upande wa kulia. Mgeni akija tunamwacha akikalie mpaka agundue mwenyewe. Fundi Sponji, anayeshona magodoro kwenye chumba cha nyuma yetu, ametupigilia vipande vya sponji juu yake, ndiyo maana tukishakaa hatuinuki. Mwenye birika ni mimi. Wananiita Bibi Birika. Shule niliishia darasa la tatu, ila habari za watu nimezisoma mpaka jalada la nyuma. Kijiwe changu kina sheria moja tu: kitako cha kikombe hakionekani. Kikishuka kidogo, namimina. Watu wanasema huo ni ukarimu, nami sijawakatalia, lakini tuambizane ukweli: kikombe kikiisha mtu huinuka, na akiinuka huondoka na habari zake. Ikifika saa kumi na moja jioni birika linapumzika, zinatoka chupa za bia kwenye kreti zilizo chumbani kwa Sponji, na mkono unaomimina ni huu huu, na sheria ni ile ile.

Jumamosi ninayoisimulia tulikuwa wanne. Mimi. Dobi, ambaye vidole vyake vimekunjamana kwa maji hata ungedhani uzee ulimwanzia mikononi. Tarakimu, aliyekuwa karani wa ghala miaka thelathini na mpaka leo hawezi kupita penye rundo la kitu asilihesabu. Na Sponji mwenyewe, aliyetoka chumbani kwake saa tisa na nusu na karatasi mbili, amezishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyebeba panya aliyekufa.

— Jamani, nisaidieni. Nesi anakuja saa kumi kuichukua hii fomu, na mimi nimekwama.

Habari ya ngiri yake sote tulikuwa nayo. Si mimi niliyeisambaza. Mimi niliwaambia watu wanne tu. Alikuwa apasuliwe Jumatatu, na hiyo ilikuwa mara ya tatu kupangiwa: mara ya kwanza presha ilipanda, mara ya pili kitanda kilikosekana. Kwa muda wote huo hawezi kuinua hata godoro la mtoto. Anashona amekaa, na wateja wanabeba wenyewe.

— Umekwama wapi? akauliza Dobi.

— Swali la saba. Sita nimeyamaliza. Uzito, umri, kama navuta, yote nimejibu.

Tarakimu akampokonya karatasi, akavuta miwani kutoka utosini.

— "Utafiti kuhusu matumizi ya pombe kwa wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Swali la saba. Katika siku ya kawaida, unakunywa glasi ngapi?"

— Loo, ndilo hilo tu? akasema Dobi. — Andika moja, tunywe kahawa.

— Ndivyo nilivyoandika. Moja. Si ndivyo?

— Ndivyo! tukajibu wote.

Na hapa nataka mnielewe vizuri: hakuna aliyecheka. Siku Sponji alipokwenda kuposa, shangazi za binti walimwambia wazi kwamba wamesikia anapenda kinywaji. Akaapa mbele yao: glasi moja kwa siku, haiongezeki. Akaozwa. Mkewe akazaa mapacha, ndiyo maana leo tunamwita Mama Pacha, na kila jioni kwa miaka kumi na tisa humwuliza mlangoni, "Ngapi leo?" Naye hujibu, "Moja." Anajibu kwa moyo mweupe. Sisi ni mashahidi wake.

— Sasa kinachokuwasha nini? nikamwuliza, huku nikimwongezea.

— Soma yale maandishi madogo ya chini, Tarakimu.

Tarakimu akaisogeza karatasi mpaka puani.

— "Jibu lako litatumiwa na daktari wa nusukaputi (dawa ya usingizi) kukuandalia dawa. Jibu lisilo sahihi linaweza kuhatarisha maisha yako."

 Hata Dobi aliacha kupuliza kahawa.

— Mnasikia? akasema Sponji. — Ukikosea hapo, umelala, umeshapasuliwa, hujiwezi, unakwenda zako hivyo hivyo. Na mimi moja yangu siitilii shaka, lakini nikiitazama karatasini naiona ndogo.

— Ndogo kivipi?

— Juzi nilipoinuka hapa nilikumbatia mlango wa jirani. Nikawa naufungua kwa ufunguo wangu.

— Ulifunguka?

— Alifungua jirani.

— Hiyo ni njaa, akasema Dobi, na hapo ndipo moto ulipowaka. — Tena nikuambie, hiyo moja yako ni nyingi. Umejionea. Futa.

— Nifute moja?

— Sikiliza. Mimi ni mtaalamu wa povu. Miaka ishirini na mbili niko ndani ya povu mpaka viwikoni. Glasi ya bia nusu nzima ni povu. Na povu si bia, kama vile povu la sabuni si sabuni. Chukua povu peke yake ufulie shati, uone kama litatakata! Kwa hiyo toa nusu.

— Fomu haina nafasi ya nusu. Kuna kisanduku kimoja tu.

— Subiri, sijamaliza. Ya ofa haihesabiwi!

— Kwa nini isihesabiwe?

— Ya ofa ni ya aliyeileta. Yeye ndiye anayeijua ilikotoka. Wewe umemsaidia kuibeba tu.

Mnaojua zamu zetu za kuleta kreti mnajua kwamba zamu ya Dobi humkuta ana kikohozi. Nikashindwa kujizuia.

— Dobi, mwanangu, kwa hesabu hiyo, wewe tangu tufahamiane umekunywa ngapi?

Akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu, macho yameangalia juu.

— Mimi, Bibi? Mimi sijawahi kunywa.

Tulicheka mpaka Sponji akashika ngiri yake kwa mikono miwili, akituomba tumwonee huruma. Nikazungusha birika, nikajaza vikombe vyote vinne, maana kucheka nako kunakausha koo.

— Nyote hamjui hesabu, akasema Tarakimu, aliyekuwa ametulia akisubiri kelele ziishe. — Ghalani hatuulizi kilichoingia tu. Kilichoingia, toa kilichotoka, upate kilichobaki. Hicho ndicho unachokitolea taarifa. Sponji, jioni unapokuwa hapa, unapita nyuma ya ukuta?

— Napita.

— Mara ngapi?

— Mara tano. Sita hivi.

— Na ukifika huko unaacha nini?

— Ah, mzee, kuna mwanamke hapa.

— Huyu si mwanamke, ni birika. Jibu.

Kikombe cha Tarakimu kilikuwa kimeshuka. Nilikiacha kimeshuka kwa adhabu, nikahesabu moyoni mpaka tano, kisha mkono ukanishinda nikamimina.

— Umekwishajibu, akaendelea Tarakimu. — Imeingia, imetoka. Kilichobaki ni sifuri! Andika sifuri. Daktari atakukuta mkavu kama gunia.

— Halafu anipe dawa ya mtu wa sifuri?

— Ndiyo dawa yako halali.

— Nikifa?

— Utakufa na hesabu safi.

Sponji akaanza kuitafuna kalamu. Namjua anavyotafuna. Sindano kubwa ya kushonea magodoro huishika kwa meno kazi ikiwa ngumu, na siku hiyo kalamu ilikwishapata alama kama muwa. Mimi nami kitu kilinigonga kichwani: mtu wa glasi moja kwenda ukutani mara sita? Lakini nani angesimama kuwaza wakati mazungumzo yamenoga vile?

— Tatizo si Sponji, akasema Tarakimu, sasa amesimama kabisa, na Tarakimu akisimama ujue kuna jambo. — Tatizo ni huu utafiti wenyewe. Mwaka jana alipita binti na makaratasi kama haya, nyumba kwa nyumba. Nilimfuata nyuma nyumba zote arobaini.

— Kwa nini ulimfuata?

— Alikuwa anahesabu. Ningebaki nyumbani nifanye nini? Sasa sikilizeni. Nyumba arobaini, kila mtu anasema moja. Wengi ni moja ya sikukuu. Kuna mmoja alisema alionja alipokuwa mdogo akatapika. Nikajumlisha yote, wiki nzima, mtaa mzima: haifiki kreti mbili. Lakini lile gari la bia la Jumapili, mtaa huu huu, linashusha kreti sitini na kuondoka na sitini za chupa tupu. Nimezihesabu kwa kidole. Haya, niambieni! Kreti hamsini na nane anakunywa nani?

— Wee! nikasema. Nikasogea karibu. — Wizi?

— Hakuna wizi. Chupa zinarudi tupu.

— Zinakauka, akasema Sponji. — Kama godoro juani.

— Zina vizibo, Sponji!

— Basi ni majini, akasema Dobi.

— Majini wakanywe bia ya moto kwenye kreti?

— Wewe umewahi kuwauliza wanapenda nini?

— Mimi nadhani ni wanawake, nikasema, nikishusha sauti. — Nyinyi mnafikiri tukifunga milango mchana tunalala tu?

Wakanigeukia wote watatu kwa mpigo mmoja. Nikawatazama tu, nikawaongezea kahawa. Sikutoa jina la mtu. Ukitoa majina yote siku moja, kesho utaongea nini?

— Hapana, hapana, hapana! Dobi akapiga goti lake, kahawa ikamwagika kidogo, nikaifidia hapo hapo. — Nimeshaelewa. Ni mtu mmoja!

— Mtu mmoja nani?

— Mmoja tu. Sisi wote tunasema kweli. Mtaa mzima unasema kweli. Ila kuna mtu mmoja, mahali fulani, ndiye anayekunywa hizo hamsini na nane zote. Na huyo ndiye hajawahi kuulizwa!

— Mbona hawampati?

— Watampataje? Kila wakibisha hodi, yuko msalani.

Jamani! Tarakimu alikaa. Nilimwona midomo inacheza, anagawanya hamsini na nane kwa siku saba, anatafuta kama mtu anaweza. Sponji peke yake hakucheka. Aliitazama saa ya mkononi, akaitazama ile moja yake kwenye kisanduku.

— Mnacheka, akasema. — Mimi Jumatatu nalala pale. Mama Pacha kaniambia, "Baba, rudi." Neno hilo tu. Niandike nini?

Kabla hatujamjibu, nesi akatokea kona ya kinyozi.

Alikuwa binti mwembamba, viatu vyeupe vimeshika vumbi, begi la makaratasi kwapani. Akatupa shikamoo moja iliyotutosha wote, tukaitikia marahaba, tukamsogezea nafasi. Upande wa kulia, bila shaka. Akakaa, akaruka, akakaa tena pembeni kidogo, wala hakusema kitu. Nikampenda. Nikampa kikombe.

— Ahsante, Bibi. Mzee, fomu iko tayari? Twende tukazungumze ndani kwako, haya ni mambo ya mgonjwa na hospitali.

— Sema hapa hapa, sista, akasema Sponji. — Hawa wanaijua ngiri yangu kuliko mimi.

— Una uhakika?

— Wameshasoma mpaka maandishi madogo.

Akaichukua fomu. Macho yakashuka mpaka swali la saba, yakasimama. Akanywa kahawa kidogo. Nikamwongezea.

— Moja, akasema.

— Moja, akasema Sponji.

— Namtolea ushahidi, akasema Dobi. — Miaka kumi na tisa.

— Na mimi, akasema Tarakimu.

Nesi akashusha pumzi. Akafungua begi, akatuonyesha bunda nene la fomu, bila kutuonyesha majina.

— Wako mia mbili na kumi humu. Wote wanasubiri kupasuliwa. Karibu wote wameandika moja au mbili. Halafu siku ya tatu wodini mtu wa moja anaanza kutetemeka kitanda kinagonga ukuta. Anatoka jasho, anaona wadudu, anang'oa mirija. Mwili umezoea nyingi, zimekatika ghafla, na sisi hatukujiandaa kwa sababu ameandika moja. Mwezi uliopita tulimpoteza mmoja.

— Alikuwa mwongo? akauliza Dobi.

— Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, kaka. Waongo nawajua. Mwongo huangalia dirisha. Yule alinitazama usoni, kama mzee huyu anavyonitazama. Mkubwa wangu amesema niwaulize tena kwa upole, na nimewauliza tena kwa upole, na wanasema tena moja.

Akanywa. Nikamimina. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi yake, masikio yanafanya yao.

— Lakini mimi nakunywa moja, akasema Sponji, na sauti yake ilikuwa imepungua. — Naapa, sista. Nikidanganya nife.

— Usiape hivyo, mzee. Jumatatu ni keshokutwa.

Akanyanyua kikombe tena, akakifikisha mdomoni, akasita. Akakishusha. Akakitazama kwa ndani, kisha akalitazama birika langu, kisha akakitazama tena.

— Samahani, akasema. — Tangu nimekaa hapa nanywa. Mbona hiki kikombe kimejaa?

— Karibu, nikamwambia. — Kunywa tu.

— Nimekunywa vingapi?

— Kimoja! tukamjibu wote wanne.

— Na wewe mzee? Hicho ulichoshika ni cha ngapi leo?

— Hiki? Sponji akakiinua. — Hiki ni cha kwa…

Hakulimaliza neno. Akamtazama Dobi. Dobi akakitazama kikombe chake kama amekiona kwa mara ya kwanza. Tarakimu, ambaye huhesabu hata hatua za kuku, akakunja kidole kimoja, akakikunjua. 

— Bibi, akasema Tarakimu polepole, — hilo birika linaingia vikombe vingapi?

— Thelathini. Ulipima mwenyewe.

— Ulilijaza?

— Mpaka kwenye shingo.

— Hebu mimina iliyobaki.

Nikaliinamisha. Likatoa tone moja, likatoa la pili likaning'inia mdomoni, basi. Nikalitikisa. Lilikuwa jepesi kama kofia.

— Tuko watano, akasema Tarakimu. Uso wake ulikuwa umebadilika, ungedhani ghala limeungua. — Watano, kimoja kimoja. Vikombe ishirini na tano viko wapi?

Hakuna aliyetaja majini.

— Na jioni? akauliza nesi. — Bia zenu, nani anamimina?

Hapo wote wakageuka wakanitazama mimi. Mimi, mtu mzima, wakanitazama kama mwizi wa kuku. Nikajifanya kupangusa birika.

— Namimina mimi, nikasema. — Ni adabu tu.

— Glasi ikifika wapi?

— Ikishuka kidogo.

— Inawahi kuisha?

— Mwanangu, katika kijiwe changu? Haijawahi.

Sponji alikuwa na kalamu mdomoni. Kisha akaitoa.

— Miaka kumi na tisa, akasema. — Mimi nakaa, napewa glasi, naondoka na glasi ile ile. Nilikuwa nahesabu glasi. Lo! Nilikuwa nahesabu glasi tu.

— Chupa tupu mnaziweka wapi? nesi akauliza.

Tarakimu hakungoja kuambiwa. Aliingia chumbani kwa Sponji, tukamsikia akisukuma magodoro, chupa zikilia, naye akilia pamoja nazo, moja, mbili, tatu, kwa sauti ya kazini. Alitoka na utando wa buibui begani.

— Gari limechukua Jumapili asubuhi. Tangu jioni ile mpaka jana ni jioni sita. Kreti nne kamili, ishirini na nne kila kreti. Chupa tisini na sita. Wanywaji ni watatu…

— Bibi hanywi? nesi akauliza.

— Mimi sinywi, nikasema. — Naonja tu. Lazima nijue kama imeharibika.

— Unaonja kila chupa?

Ningeweza kuangalia dirisha, lakini kijiweni hakuna dirisha.

— Kila chupa, nikasema. — Na nikionja naongeza kidogo, nipate uhakika.

— Basi wanywaji ni wanne, akasema Tarakimu, na alisema kwa heshima. — Tisini na sita kwa wanne, ishirini na nne. Kwa jioni sita, chupa nne kila mtu. Chupa moja inajaza glasi tatu.

 Jibu alilitoa Sponji mwenyewe.

— Kumi na mbili.

— Pamoja na povu? akauliza Dobi kwa sauti ndogo.

— Nyamaza, Dobi.

Sponji akainuka, akakaa. Jasho lilikuwa linamtoka puani.

— Sista, nikiandika hivyo mtanirudisha nyumbani. Mara ya tatu sasa. Na Mama Pacha… miaka kumi na tisa namwambia moja! Atasema nini? Atasema nimekuwa mwongo tangu siku ya posa.

— Hatukurudishi, mzee. Ukishatuambia, tunajua tuweke dawa gani kando ya kitanda chako na tukuangalie saa ngapi. Ni hilo tu. Ile moja ndiyo inayonitisha, siyo kumi na mbili. Ila kesho ukija kulazwa usijikaze ukaacha mwenyewe; daktari ndiye atakayekuelekeza. Na mama nyumbani, mwambie ulivyogundua, kama ulivyogundua hapa.

Akachukua daftari lake dogo, akaandika haraka haraka kwa furaha, maskini, kama mtu aliyeokota kitu barabarani.

— Mia mbili na kumi, akasema peke yake. — Nimewauliza glasi ngapi. Hakuna hata mmoja niliyemwuliza nani anamimina.

Sponji akaweka fomu juu ya goti. Akaikata ile moja kwa mstari, mkono mzito kama anashona turubai, akaandika kumi na mbili, na pembeni, mahali ambapo hapakuwa na kisanduku, akaongeza kwa herufi kubwa: GLASI ILIKUWA MOJA. Nesi akaisoma, akaiacha ilivyo, akaikunja. Akaagana nasi mmoja mmoja. Alipofika kwangu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na sikujua kama ni shukrani au kunizuia nisimimine.

— Bibi, akasema Sponji nesi alipokwisha kuondoka, — tafadhali. Mama Pacha alisikie kwangu, si kwako.

Jamani, mnajua alichoniomba? Habari kama ile, imeiva, inachuruzika, na mwenye haki nayo anapita mbele ya benchi langu kila siku kwenda dukani! Nililala nayo usiku mmoja. Kesho yake asubuhi nilimwona Mama Pacha anakuja na begi la hospitali na shuka zilizokunjwa, nikauma ulimi mpaka ukauma kweli.

— Amenieleza mwenyewe, Bibi, akasema kabla sijafungua mdomo. — Kumi na mbili. Tulihesabu pamoja mpaka usiku. Nilicheka, nikalia, nikamwambia atangulie kupona, mengine tutayamalizia nyumbani.

Akaniachia mate mdomoni akaenda zake.

Sponji alirudi baada ya siku kumi na moja, anatembea kama amebeba mayai. Mama Pacha alimkalisha benchini, mbali na kitasa, akatusimulia sisi wote. Siku ya tatu wodini alianza kutetemeka. Akawaambia manesi wayashushe magodoro yanayotembea darini, yatawaangukia wagonjwa. Lakini dawa ilikuwa kando ya kitanda, kama ilivyoahidiwa, na yule yule binti mwembamba alikuwa zamu. Akalala siku mbili. Alipoamka akaulizia uzi.

— Bia je? akauliza Dobi.

— Daktari kasema ziishe. Ziishe kabisa.

— Kahawa?

— Kahawa hakuikataza.

Basi nikamjazia kikombe chake, kilekile. Tukapokezana habari, na zilikuwa nyingi, maana siku kumi na moja mtaani si mchezo. Akanywa. Kikashuka. Mkono wangu ukaenda wenyewe na birika, nalo likainama, na Sponji akaweka kiganja chake juu ya kikombe. Kidogo nimchome.

— Acha kiishe kwanza, Bibi.

Nikabaki birika liko hewani. Akanywa taratibu, akanywa tena, akakiinua mpaka shingo ikalala nyuma. Akakishusha, akachungulia ndani. 

— Humu kuna jogoo, akasema.

— Jogoo gani? Dobi akarukia. — Wapi?

— Kitakoni. Amechorwa. Mwekundu, ana mkia wa kijani.

Vichwa vitatu vikagongana juu ya kikombe kimoja. Mimi nilikuwa najua siku zote, kwani anayeviosha ni nani? Hakuna aliyewahi kuniuliza.

— Na changu? akapiga kelele Dobi. — Changu kina nini? Bibi, usimimine! Weka chini hilo birika, usimimine kabisa!

Akaigugumia kahawa yote ikiwa ya moto, machozi yakimtoka.